Mchagua Jembe: Kanyagio la Wawa na Sauti ya Mpiga Gitaa

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwakejeli watu wanaopoteza msimu mzima wakipima mipini ilhali magugu yanalimeza shamba. Hapana shaka kejeli hiyo ina mashiko. Hata hivyo, mkulima halisi anafahamu kwamba jembe la udongo mfinyanzi si jembe la kichanga, na kwamba anayeshika lolote lililo karibu naye huishia kulilaumu shamba. Baina ya kuchagua kusikokwisha na kutochagua kabisa pana njia nyembamba. Makala haya yanaifuata njia hiyo kupitia kifaa ambacho wengi wamekisikia pasipo kukijua jina: kanyagio la wawa, lile linalofungwa baina ya gitaa la umeme na amplifaya.

Aliyelazimika kuipita njia hiyo ni mwalimu mmoja wa shule ya upili, mpiga gitaa la solo katika bendi ndogo ya benga inayotumbuiza mwishoni mwa wiki. Kwa miaka mingi vidole vyake vilitumikia nyimbo za watu wengine. Mamake alipofariki, alitunga wimbo wake wa kwanza, wimbo wa maombolezo, na hapo ndipo alipogundua kwamba gitaa lake, lililozoea kuchezesha watu, halikujua kulia. Zamu yake ya chama ilipowadia, alishika fedha ambazo zingetosha kununua kanyagio jipya. Fedha hizo hizo ndizo mkewe alizokuwa akizisubiri ili waanze kulipia tangi la maji.

“Baba watoto,” mkewe alimwambia, “marehemu mama alichota maji mtoni hadi mgongo ukapinda. Ukitaka kumkumbuka, tangi nalo ni wimbo.”

Kauli hiyo haikuwa na jibu jepesi, na mwalimu hakulitafuta. Aliamua kwanza kukijua vyema kitu alichokitaka, maadamu asiyejua anachokitafuta hawezi kujua bei yake.

Je, wawa hufanya nini? Ndani ya kanyagio mna saketi inayokuza ukanda mwembamba wa masafa ya sauti na kuyafifisha masafa mengine. Mguu ukisukuma ncha ya mbele, kilele cha ukanda huo hupanda. Kisigino kikikandamiza nyuma, hushuka. Katika miundo mingi kilele hicho husafiri, kwa makadirio, kati ya hezi 400 na hezi 2,000. Mwanafunzi wa fonetiki atautambua mtindo huo mara moja. Irabu za Kiswahili hutofautiana kwa sababu ulimi na midomo hubadilisha umbo la kinywa, na kila umbo hukuza masafa yake. Vilele vya [u] viko chini. Vya [a] viko juu zaidi. Kiyeyusho [w] hutamkwa midomo ikiwa imeviringwa mithili ya [u], na inapofunguka kuelekea [a] hupatikana silabi ‘wa’. Hivyo ndivyo mguu unavyolifanyia gitaa: unalifungua na kulifunga kinywa. Kwa hiyo jina la kifaa hiki ni tanakali ya sauti isiyotia chumvi hata kidogo.

Chanzo chake nacho kina funzo. Mnamo mwaka wa 1966, katika kampuni ya Thomas Organ huko California, Marekani, mhandisi Brad Plunkett alikuwa akitafuta namna ya kupunguza gharama ya swichi moja katika amplifaya za Vox. Badala ya swichi hiyo ghali aliweka saketi ya transista yenye kidhibiti cha kuzungusha. Kilipozungushwa, sauti ikaanza kupanda na kushuka kama mtu anayenena. Saketi hiyo ilitiwa ndani ya kanyagio la kuongezea sauti la kinanda cha Vox Continental, na hivyo mguu ukachukua kazi ya mkono. Uongozi wa kampuni ulifikiria zaidi wapiga ala za kupuliza. Kanyagio la mwanzo lililouzwa mwaka wa 1967 lilibeba jina la Clyde McCoy, mpiga tarumbeta ambaye wimbo wake “Sugar Blues” wa mwaka wa 1931 ulisifika kwa mlio uliotokana na kizibo cha tarumbeta. Wapiga gitaa, miongoni mwao Del Casher, ndio waliosisitiza kwamba mahali pa kifaa hiki ni miguuni mwao. Jina jingine lililopata umaarufu, Cry Baby, maana yake ni mtoto mlizi. Tangu mwaka wa 1982 limekuwa mikononi mwa kampuni ya Jim Dunlop.

Historia iliyofuata inajulikana. Jimi Hendrix alilitumia wawa katika “Voodoo Child (Slight Return)” mwaka wa 1968, na Charles Pitts akaligeuza kuwa ngoma ya mkwaruzo katika wimbo wa filamu ya Shaft wa Isaac Hayes mwaka wa 1971. Miles Davis aliliunganisha na tarumbeta yake katika miaka ya 1970, na kwa namna fulani akairejesha sauti hiyo ilikotoka. Afrika haikubaki nyuma: gitaa la wawa linasikika katika albamu ya Mulatu Astatke, Mulatu of Ethiopia, ya mwaka wa 1972, na katika kazi za bendi ya WITCH ya Zambia katika muongo huo huo.

Licha ya ushahidi huo, kiongozi wa bendi, mzee aliyelea vijana wengi katika fani hiyo, hakuridhika.

“Mwalimu,” alisema, “mwacha mila ni mtumwa. Benga hailii wa-wa.”

“Mzee wangu,” mwalimu alimjibu kwa heshima, “na gitaa lenyewe, kwao ni wapi?”

Swali hilo laweza kuonekana la ukaidi, kumbe ni swali la isimu. Lugha inapokopa neno haijisaliti. Hujisaliti inaposhindwa kulitawala. Neno ‘kitabu’ lilitoka katika Kiarabu, lakini lilipoingia katika Kiswahili lilitii ngeli, likapata wingi wa ‘vitabu’, na leo hakuna anayeliomba paspoti. Gitaa nalo lilipofika kwa wapiga benga lilifunzwa kudonolewa kama nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, na likafunzwa kuufuata wimbo wa mwimbaji hatua kwa hatua. Huo ndio utohozi wa ala. Basi hoja ya mzee haikupaswa kuwa kama wawa ni geni, bali kama linaweza kutii sarufi ya benga. Hoja hiyo haiamuliwi kwa methali. Huamuliwa kwa sikio.

Mwalimu aliazima kanyagio kutoka kwa mpiga gitaa wa kanisa kwa muda wa wiki moja. Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hutosha kumwonyesha mtu kipimo cha kiuno chake. Hakulijaribu dukani kwa gitaa la mwenye duka; alilijaribu kwa gitaa lake mwenyewe, kwa amplifaya yake ndogo, katika ukumbi wa mazoezi na wenzake wakipiga. Ushauri wa kwanza kwa kila mchaguzi umo humo. Gitaa lenye pikapu za koili moja hutoa mlio mkali, na lenye pikapu za koili mbili hutoa mlio mnene. Kanyagio lile lile litanena kwa lafudhi mbili tofauti.

Jaribio la kwanza halikupendeza. Katika sehemu ya kasi, ambapo noti za benga hudondoka kama mvua ya mawe, mguu haukuweza kuwahi vidole. Kila noti ilipata nusu ya silabi, na wimbo ukawa na kigugumizi. Mwenzake mmoja akapendekeza wawa la kujiendesha, aina iliyopata umaarufu kupitia Mu-Tron III ya mwaka wa 1972, ambayo Stevie Wonder aliitumia kwa kinanda katika “Higher Ground” mwaka wa 1973. Kifaa cha aina hiyo hakina haja ya mguu: kadiri uzi unavyodonolewa kwa nguvu, ndivyo kinywa kinavyofunguka. Kwa wimbo wa kuchezesha watu kingefaa. Mwalimu alikikataa kwa sababu moja tu: wimbo wake ulihitaji mwombolezaji anayeamua mwenyewe lini alie na lini anyamaze.

Siku ya nne, alipokuwa akipiga utangulizi wa polepole, aliuacha mguu utulie katikati ya safari, kanyagio likiwa limewashwa lakini halisogei. Kilele cha masafa kikabaki mahali pamoja. Gitaa halikusema tena ‘wa’. Lilishika irabu moja yenye king’ong’o, kama mtu anayeimba huku pua imejaa machozi. Mbinu hii si ngeni. Mick Ronson wa Uingereza alisifika kwayo katika miaka ya 1970. Kwa mwalimu, hata hivyo, ilikuwa ni kumsikia mtu aliyemfahamu. Sehemu ya kasi ilipoanza alilizima kanyagio, na benga ikaendelea kwa sauti yake ya asili. Mzee hakusema neno, ila katika duru ya pili aliwapungia mkono wapiga ngoma wapunguze kishindo wakati wa utangulizi.

Kuanzia hapo uchaguzi ulijiongoza wenyewe, kwa kuwa kila sifa ilikuwa na sababu ndani ya wimbo. Yako makanyagio yasiyo na swichi ya kubonyeza: mguu ukipanda huwaka, na mguu ukiondoka springi huyarudisha na kuyazima. Hayo ni mepesi kutumia, lakini hayawezi kuachwa katikati bila mguu kuyashikilia. Mwalimu alihitaji aina ya kawaida, yenye swichi chini ya ncha ya vidole, inayobaki pale ilipoachwa. Isitoshe, miundo mingi ya zamani hunyonya sehemu ya sauti za juu hata inapokuwa imezimwa, kwa sababu mkondo wa gitaa huendelea kugusa saketi. Kwa mpiga roki huenda hilo lisiwe hasara kubwa. Kwa benga, ambayo uhai wake uko katika ung’avu wa nyuzi nyembamba, ni sawa na kumziba mwimbaji mdomo kwa leso. Swichi inayopitisha sauti kando ya saketi kabisa ilikuwa sharti.

Lilikuwapo pia suala la vumbi. Kidhibiti cha ndani huchakaa na kuingia uchafu, kikaanza kukwaruza kila mguu unaposogea. Baadhi ya makanyagio, kama yale ya Morley, hutumia mwanga badala ya mguso na hivyo huepuka tatizo hilo. Lakini kanyagio ambalo kazi yake kubwa ni kutulia halina msuguano mwingi, na kidhibiti ni kipuri ambacho fundi wa redio mwenye mkono mzuri anaweza kukibadilisha. Mwisho ni umeme. Makanyagio mengi hutumia volti 9, ama kwa betri ama kwa adapta. Adapta iliyotengenezewa umeme wa Marekani wa volti 120 pekee haiwezi kuhimili volti 240 za Kenya. Na hata adapta ya volti sahihi huweza kuleta madhara ikiwa ncha chanya na hasi zimepishana na zile za kanyagio. Kusoma maandishi madogo ubavuni mwa adapta ni sehemu ya muziki.

Sifa hizo zilipopangwa, ilidhihirika kwamba kanyagio jipya la bei kubwa halikuwa la lazima. Mwalimu alinunua lililotumika, lenye mikwaruzo ya rangi na kidhibiti kilichochakaa, akampelekea fundi abadilishe kidhibiti na swichi. Rahisi huwa ghali, husemwa, na methali hiyo ni ya kweli pale mnunuzi asipojua kasoro ya anachonunua. Yeye aliijua kasoro, na aliijua bei ya kuiondoa. Fedha zilizosalia alimkabidhi mkewe, zikawa malipo ya kwanza ya tangi. Jioni aliyompigia utangulizi ule, mkewe alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akamwomba aurudie. Hakutaja tangi, wala mwalimu hakutaja wimbo.

Ndugu msomaji, huenda usishike gitaa maishani mwako. Hata hivyo, mtunzi wa mashairi anayechagua bahari, mwandishi anayechagua nafsi ya msimulizi na mfasiri anayechagua baina ya neno la kukopa na neno la kuundwa, wote wanasimama alipokuwa amesimama mwalimu yule. Swali la kwanza si chombo kipi ni bora, kwani ubora usio na kazi ni pambo. Swali ni: ni nini kinachotakiwa kusemwa, na kinywa chenye umbo gani ndicho kitakachokisema? Kiswahili kina irabu tano tu, na kwa hizo tano watu wamebembeleza watoto na kuzika wazazi. Kanyagio lina mwendo mmoja wa mbele na nyuma. Wimbo wa mwalimu ulihitaji nukta moja tu ya mwendo huo. Mchagua jembe huwa si mkulima anapochagua kabla ya kulitazama shamba. Akishalitazama, kuchagua kwake nako ni kulima.