Gara Ziko Wapi?

Ukianza kazi ya studio, unadhani utajifunza mashine. Kumbe unajifunza masikio. Prodyuza anayenifundisha pale Kondele hucheza wimbo, akapandisha masafa fulani kwenye ikwalaiza, kisha anauliza: "Hiyo ni hezi ngapi?" Mwanzoni nilijua sauti mbili tu: besi na isiyo besi.

Kisumu ikanisaidia. Stima ya Kenya ni ya hezi 50, na transfoma hunguruma mara mbili ya hiyo, 100. Kwa hivyo kila nikipita chini ya ile ya mtaa wetu, nakariri: mia moja. Matatu ikija, besi yake hupenya ukuta kabla hujaiona, maana wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Pale Dunga, samaki akitumbukizwa kwenye mafuta, ule mchachariko uko juu, kwenye maelfu.

Halafu kuna nyatiti. Nyuzi 8 hukaa katikati. Oduong'o, pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, hugonga mbao kwa chini. Gara, zile njuga za mguuni, hung'aa juu kabisa. Chombo kimoja, mtu mmoja, na ngazi nzima ya masafa.

Babu yangu hupiga nyatiti. Nilipomrekodi, alisikiliza akaniuliza, "Gara ziko wapi? Ongeza." Nikaongeza hadi zikanichoma masikio kama sindano. "Bado."

Mwanadamu akiwa mchanga husikia kuanzia hezi 20 hadi karibu 20,000. Uzee huanza kula kutoka juu. Nilikuwa nimesoma hayo, lakini siku hiyo nilimvalisha babu hedifoni nikamchezea milio, mmoja baada ya mwingine. 1,000, akainua kidole. 4,000, akakawia, kisha akainua. 8,000, akanitazama tu.

"Umeicheza kweli, nyakwara?"

"Ndiyo, babu."

Akanyamaza. Kisha akagusa goti. "Sasa ndio naelewa. Siku hizi gara nazisikia kwa mguu."

Wimbo ule nimeutengeneza mara mbili. Mmoja ni wa watu. Mwingine uko kwenye simu yake, gara zimepandishwa hadi mimi siwezi kuusikiliza hadi mwisho. Yeye huucheza kila jioni, na majirani washazoea.