Msaji kwa Mwenye Mfuko Mwepesi

Najua mmezoea kunikuta nikiandika juu ya programu, seva na simu. Leo tunaweka kompyuta kando na kuingia kwenye boti. Msikimbie, hesabu ni ileile.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 26, na maskani yake ni Mtwapa. Tunaimiliki wawili: mimi na mwalimu mstaafu ambaye goti lake la kushoto limeanza kumgomea. Nje iko sawa. Ndani, mwenye kuitengeneza aliweka plaiwudi ya kawaida kila mahali, na maji ya chumvi yamekula kingo zake. Ngazi ya kushukia ndani inateleza. Kishikizo cha ukutani kilikuwa kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Bahari ikichafuka, Mwalimu akianza kushuka, nilikuwa namshika shati.

Dawa inayojulikana ni msaji, ambao mafundi wengi huuita tiki. Mbao zake zina mafuta ya asili, hivyo maji na wadudu haviziharibu kwa urahisi, tena hazipindi wala kuvimba sana zikilowa na kukauka. Ndiyo maana waunda majahazi wa Oman na Ghuba waliagiza msaji kutoka Malabar, India, kwa karne nyingi.

Taabu ni bei. Na ule unaosifiwa sana hutoka misitu ya Myanmar, ambako biashara yake inasimamiwa na shirika la serikali. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 2021, Marekani na Umoja wa Ulaya zililiwekea shirika hilo vikwazo mwaka huohuo. Ngazi yenye historia hiyo siitaki.

Hapa kazi yangu ikanisaidia. Programu ikiwa nzito, huiandiki yote upya. Unapima kwanza ujue inakwama wapi, kisha unarekebisha hapo tu. Kwa hiyo safari 4 mfululizo nilibeba chaki. Kila mahali mkono uliposhika, mguu ulipokanyaga au maji yalipotuama, niliweka alama. Mwalimu akaniuliza, "Kijana, unachora ramani ya hazina?"

Kumbe ndiyo. Alama zilijaa sehemu 4 tu: vipandio vya ngazi, kishikizo, ukingo wa meza na ukingo wa rafu ya vikombe. Makabati, ambayo ndiyo yangemeza mbao nyingi, hayakupata hata alama moja. Hayo yanatosha rangi.

Kwa sehemu hizo 4, uso wa meza moja kuukuu ulitosha. Niliununua kwa shilingi 4,000. Ukienda kutafuta, tazama ubavu wa mbao kwanza. Kama mistari ya juu haiendelei ubavuni, huenda ni ganda jembamba lililogandishwa juu ya mbao nyingine. Kisha kwaruza upande wa chini: msaji una rangi ya asali iliyokolea, ukiupapasa ni kama umepakwa mafuta, na unanuka kama ngozi. Njia nyingine ni kumwomba seremala vipande vya mabaki. Majirani zetu Tanzania wana mashamba ya serikali ya miti hii, kama Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro.

Sasa kazi yenyewe:

1. Kukata. Msaji una silika, inayomaliza makali ya msumeno haraka. Tumia meno ya kabaidi. Vaa barakoa, vumbi lake huwasha.

2. Kugandisha. Mafuta yanayozuia maji huzuia gundi pia. Futa kwa kitambaa chenye asetoni, acha ikauke, kisha paka epoksi papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena.

3. Kishikizo. Usitegemee skrubu. Pitisha bolti za chuma cha pua hadi upande wa pili, weka washa pana na nati. Ipo siku kitabeba uzito wa mtu mzima boti ikiwa imelala ubavu.

4. Ngazi. Usipake vanishi, maana ikilowa inateleza. Acha msaji mtupu.

5. Kingo. Milimita 40 juu ya rafu zinazuia vikombe kuruka. Acha pengo kwenye pembe ili maji yatoke. Hizi zipake mafuta. Ukitumia mafuta ya kitani, usikunje vitambaa vyake ukavirundika: hupata joto vyenyewe na vinaweza kushika moto. Vitandaze nje vikauke.

Ilituchukua Jumamosi 3. Sasa Mwalimu anashuka mkono mmoja kwenye kishikizo, mwingine una kikombe cha chai. Goti halijapona, lakini shati lake limepumzika.

Mabaki ya meza bado ninayo, nayo yanatosha kibao cha kuwekea GPS. Hilo ni toleo la pili. Kama nyumbani kwako kuna kitu unataka kukiboresha na pesa ni kidogo, anza na chaki.