Madhabahu Isiyokunjwa

Mtafiti mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Silibwet katika nchi ya chai ya Bomet, aliitazama kwa muda mrefu picha ya Shenlha Okar katika katalogi ya mnada. Mungu huyo wa dini ya Bon ya Tibet, ambaye jina lake hubeba maana ya nuru nyeupe, ameketi akitafakari, miguu imepishanishwa, mikono imelazwa mapajani. Picha za namna hii, ziitwazo thangka, huchorwa kwa rangi za madini juu ya kitambaa cha pamba, zikazungushiwa hariri na kutiwa ufito chini ili zikunjwe na kubebwa. Katalogi ilisifu ukale wake. Haikugusia kwamba mgongoni mwa picha hizi aghalabu huandikwa herufi takatifu, nyuma ya paji, koo na moyo wa mungu, na kwamba kwa waumini thamani yake hutokana na kuwekwa wakfu huko, si na umri wake.

Mtafiti huyo alinuia kuilinganisha thangka na taswira takatifu ya Wakipsigis. Tatizo ni kwamba taswira hiyo haipo. Asis, ambaye jina lake haliachani na jua, hakuchorwa wala kuchongwa. Kilichokuwepo ni mabwaita: matawi yaliyosimikwa nje ya nyumba, upande wa mashariki, yakafungwa kwa mtambaa wa sinendet. Mbele yake zilipita arusi na sherehe za jando. Matawi yalikauka, yakasimikwa mengine. Msimamizi wake aliandika pambizoni mwa rasimu maneno mawili: hakuna matini.

Hukumu hiyo ni kosa la kihakiki, kwa kuwa inafanya kudumu kuwe sharti la sanaa. Inashangaza zaidi inapotoka katika idara ya fasihi ya Kenya. Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong watoe waraka wao katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968, hakuna anayethubutu kusema kuwa ngano si fasihi kwa sababu hutoweka pamoja na sauti ya mtambaji. Mabwaita nayo ilikuwa na fanani, hadhira na kunga zake.

Yamkini mtu atasema kwamba thangka ilinusurika kwa kuwa iliweza kukunjwa. Ni kweli kwa kiasi. Monasteri ya Menri, iliyoasisiwa mwaka 1405, iliundwa upya Dolanji, India, katika miaka ya 1960, na wakimbizi walibeba walichoweza. Lakini mabwaita haikuhitaji kubebwa kamwe. Popote penye matawi yafaayo na wazee wenye idhini ingesimama upya. Ilitoweka pale wenye idhini walipoacha kuisimika, wengi wao wakiwa wameingia kanisani. Kutoka Silibwet hadi misheni ya Tenwek si mbali. Si mbali pia kufika Kapkoros, jina linalotaja mahali pa ibada na sadaka ya jamii nzima. Siku hizi mkulima akilitamka huwaza kiwanda cha majani chai na malipo ya mwisho wa mwezi.

Mtafiti alirudi nyumbani na kamera, akamwomba kogo, yaani bibi yake, amwelekeze namna ya kusimika mabwaita ili aipige picha. Ajuza huyo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Nani anaoa?”

Hakuwa na jibu. Sura ile iliwasilishwa bila picha, ikiwa na maelezo ya J. G. Peristiany, ambaye kitabu chake juu ya Wakipsigis kilitoka mwaka 1939, pamoja na maelezo ya kogo. Pale wawili hao wanapotofautiana, mtafiti alimfuata kogo, uamuzi ambao msimamizi wake hajaukubali.