Mabano ya Hasi Tatu

Hisabati katika shule za upili nchini Kenya hufunzwa kwa Kiingereza, lakini si lazima ifikiriwe kwa lugha hiyo. Mlinganyo wa kipeo cha pili, tuseme x² − 5x − 24 = 0, ni kitendawili tu: namba zipi mbili zikizidishwa hutoa −24, na zikijumlishwa hutoa −5? Ni −8 na 3. Hivyo basi, (x − 8)(x + 3) = 0. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo panapopitwa mbio darasani: namba mbili haziwezi kuzaa sifuri ila mojawapo iwe yenyewe sifuri. Kwa hiyo x ni 8 au −3.

Kisha huja kikokotoo. Kwa 8 hapana taabu: 64 − 40 − 24 ni sifuri. Kwa −3, binti mmoja wa kidato cha nne alibonyeza −3² pasipo mabano. Mashine ikaipa tatu kipeo chake kwanza, hasi ikafuata baadaye, na jibu likawa −18. Akalifuta jibu lake sahihi hata karatasi ikatoboka.

Kakake, mwanafunzi wa Kiswahili chuoni, alimwuliza, "Ni nini hasa kinachozidishwa chenyewe kwa chenyewe?"

"Tatu."

"Tatu pekee, dada?"

Akanyamaza kidogo. "Tatu pamoja na hasi yake."

Akatia mabano: 9 + 15 − 24. Kioo kikaonyesha 0, naye akaiandika upya −3 kando ya tundu.