Picha Ikae Penye Maneno Yake

Mkufunzi anayesimamia mazoezi ya kufundisha hawezi kuwapo katika kila darasa. Wanachuo hutawanyika: wengine hufundisha mjini Musoma, wengine Bunda kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, wengine katika vijiji vya Butiama. Mkufunzi huwatembelea kwa zamu, na siku zilizobaki humtegemea mwanachuo amweleze kwa maandishi yale aliyoyafanya. Kwa hiyo taarifa ya somo si karatasi ya kutimiza wajibu tu. Ndiyo macho ya mkufunzi, na alama za mwanachuo hutegemea kwa sehemu yale ambayo macho hayo yameweza kuyaona.

Siku hizi taarifa nyingi hunifikia kwa barua pepe, zikiwa na picha zilizopigwa kwa simu. Mwanachuo mmoja alifundisha kuota kwa mbegu ya haragwe. Alikuwa amepanda mbegu katika makopo kwa siku mbalimbali, akawaongoza watoto kuzilinganisha. Taarifa yake ilisema mara nne, "kama picha inavyoonyesha", na chini ya barua palikuwa na viambatisho vinne, kila kimoja kikiitwa kwa tarakimu ndefu zilizotolewa na simu. Ipi ilikuwa mbegu ya siku ya 3, na ipi ya siku ya 4? Zaidi ya hayo, picha ya kwanza katika orodha ilikuwa ya mchoro ubaoni. Je, mchoro ule ulichorwa kabla watoto hawajaziona mbegu, au baada yake? Swali hilo si dogo. Kama ulitangulia, watoto walinakili. Kama ulifuata, watoto waligundua. Nilimpigia simu, akanieleza kwamba mchoro ulichorwa na watoto wenyewe mwishoni mwa somo. Lau ningaliamua kwa kufuata mpangilio wa viambatisho, mwalimu mzuri angalipata alama za mwalimu wa kunakilisha.

Tangu hapo nimewafundisha wanachuo kutuma barua ambayo picha zake zimo ndani, kila moja chini ya sentensi inayoihusu. Nimewafundisha kuiunda barua hiyo kwa mstari wa amri, yaani dirisha la kompyuta ambamo mtumiaji huandika amri kwa herufi badala ya kugusa vialama. Napenda kueleza jinsi tunavyofanya, na sababu zake.

Mkoa huu una historia na ufundishaji wa namna hiyo. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa Azimio la Musoma lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Walimu hawakutosha. Basi kuanzia mwaka 1976 maelfu ya vijana walifunzwa ualimu wakiwa vijijini, wakifundisha huku wakijifunza, kwa masomo yaliyotumwa kwa posta, kwa vipindi vya redio na kwa msaada wa wakufunzi wa kata. Mtu anayejifunza mbali na mwalimu wake hana wa kumwuliza, "Mchoro huu ni wa aya ipi?" Mpangilio wa ukurasa ndio humjibu.

Barua pepe hapo mwanzo haikuweza kubeba picha. Kanuni za kuisafirisha zilizotolewa mwaka 1982 ziliruhusu herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache tu. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa utaratibu uitwao MIME. Tarehe 11 Machi mwaka huo Borenstein alikuwa amekwisha kutuma barua ya majaribio yenye picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne na sauti ya wimbo wao. Hawakuibomoa njia ya zamani. Waliigeuza picha ikawa herufi. Ni kama kitanda kisichopita mlangoni: hufunguliwa mbao zake, zikapitishwa moja moja, kisha kikaundwa tena chumbani.

Jinsi picha inavyogeuka herufi huweza kufundishwa kwa maharage. Kompyuta huhifadhi kila kitu kwa alama mbili tu, 0 na 1. Haragwe jeupe liwe 0 na jekundu liwe 1. Herufi moja huchukua maharage 8, kwa hiyo neno BAO huchukua 24, meupe 15 na mekundu 9:

01000010 01000001 01001111

Sasa, bila kubadili mpangilio, yagawe upya mafungu ya sita sita:

010000 100100 000101 001111

Mafungu 3 ya nane yamekuwa mafungu 4 ya sita. Fungu la maharage sita huweza kupangwa kwa namna 64, na kila namna imepewa alama yake: herufi kubwa 26, herufi ndogo 26, tarakimu 10, na alama za + na /. Hivyo BAO huwa QkFP. Utaratibu huu huitwa base64, na picha hupitia njia hiyo hiyo. Mwanachuo huona pia gharama yake: kila 3 zimekuwa 4. Picha ya kilobaiti 300 husafiri ikiwa na kilobaiti 400 na zaidi kidogo. Kwa mwalimu anayenunua bando kwa fedha yake, hesabu hiyo si ya darasani tu.

Baada ya maharage tunakwenda kwenye kompyuta. Barua huandikwa katika faili la kawaida. Baada ya mistari ya mtumaji, mpokeaji na kichwa cha habari, hufuata haya:

MIME-Version: 1.0
Content-Type: multipart/related; boundary="MPAKA"

--MPAKA
Content-Type: text/html; charset=utf-8

<p>Siku ya 3: mzizi umetokea.</p>
<img src="cid:mche3@shule" alt="Haragwe lenye mzizi">

--MPAKA
Content-Type: image/jpeg
Content-Transfer-Encoding: base64
Content-ID: <mche3@shule>

[herufi za picha huwekwa hapa]
--MPAKA--

Neno MPAKA hutenganisha sehemu, kama mawe ya mpaka yatenganishavyo mashamba. Picha imepewa jina, mche3@shule, na sentensi inaiita kwa jina hilo. Jina likikosewa hata kwa herufi moja, picha haitokei mahali pake. Maneno yaliyo katika alt humsaidia msomaji ambaye programu yake haikuonyesha picha, au asiyeona kwa macho. Zimebaki amri mbili:

base64 mche3.jpg > mche3.txt
sendmail -t < barua.txt

Ya kwanza huigeuza picha kuwa herufi, nasi huzinakili mahali pake katika barua. Ya pili huipeleka barua, ikisoma jina la mpokeaji ndani ya barua yenyewe. Hufanya kazi katika kompyuta ya Linux ambayo fundi amekwisha kuiandaa kupeleka barua.

Wanachuo huniuliza kwa nini tusitumie WhatsApp. Kwa salamu na kwa jambo la haraka, itumike. Lakini taarifa ya somo husomwa tena mwishoni mwa muhula, pengine na mkufunzi mwingine, na katika mazungumzo ya simu picha hutangulia, maneno yakafuata, na ujumbe wa mtu mwingine ukaingia katikati. Wengine huuliza kwa nini tusitumie programu zinazopachika picha kwa kubofya. Nazo ni halali. Hata hivyo, aliyeandika barua moja kwa mkono wake hujua kwamba picha haikai mahali pake ila kwa kuitwa, na hujua pa kutazama picha isipotokea.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, punguza picha kabla ya kuigeuza. Upana wa nukta 800 watosha kuonyesha mzizi wa haragwe. Pili, iite kwa jina lenye maana. Tatu, piga picha ya mbegu, ubao na mikono ya watoto. Nyuso zao zisitumwe bila idhini ya wazazi na ya mwalimu mkuu.

Faida kubwa niliyoiona haimo katika kompyuta. Mwanachuo anayelazimika kuipa kila picha jina na kuiita katika sentensi yake, huanza kujiuliza picha ile ina kazi gani. Baadhi ya picha hukosa sentensi ya kuziita, naye huziacha. Swali hilo hilo huenda nalo darasani anapotundika chati ukutani: chati hii inajibu neno gani, na ionekane dakika ipi ya somo? Mwalimu ambaye hajalijibu hilo bado hajamaliza kuandaa somo lake.