Walipotuomba Damu

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini wageni ninaowasimulia, msomaji mpenzi, hawakuleta uponyaji, waliomba damu.

Mdogo wangu wa kike ana kisukari cha aina ya kwanza. Kilimwanza akiwa na miaka saba: kiu isiyokatika, haja ndogo usiku kucha, akakonda kama ng'onda. Daktari alitueleza kuwa kinga ya mwili wake yenyewe iliharibu chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Tangu hapo, sindano ni ya kila siku.

Mwaka uliofuata, watafiti walitukuta kliniki. Walitaka damu yake, ya wazazi na yangu, kwa kuwa kingamwili zinazoashiria ugonjwa huu huweza kuonekana katika damu ya ndugu miezi au hata miaka kabla ya dalili. Nyanya aliposikia aliwaka. "Hao ni mumiani! Damu ya wajukuu wangu haitoki!"

Mama hakubishana naye. Alimwuliza muuguzi, "Sasa mtoto wangu atapona?"

"La, mama. Huu ni utafiti, si tiba. Mkikataa, kliniki itamhudumia vile vile. Na hata mkishaanza, mwaweza kujitoa."

Jibu hilo lilimtuliza Mama kuliko ahadi yoyote. Akatia sahihi. Mimi nami niliulizwa kivyangu, ingawa sikuwa nimetimiza miaka 18. Nilikubali, lakini magoti yalinicheza. Je, wakinikuta nazo? Mzima huenda kupimwa akarudi na hofu, na hofu haina sindano.

Majibu yalipotoka, sikuwa nazo. Mdogo wangu akaniambia, "Afadhali wewe." Sikujua nicheke ama nilie.

Kilichonipa moyo ni historia. Januari 1922, mjini Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mahututi, alidungwa insulini, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Sindano ya kwanza haikumfaa. Dawa ikasafishwa zaidi, akadungwa tena siku chache baadaye, sukari ikashuka. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa dawa iitwayo teplizumab, walioshiriki wakiwa jamaa 76 wa wagonjwa, wengi wao watoto. Dawa hiyo ilichelewesha ugonjwa kwa takriban miaka miwili, na mwaka 2022 Marekani ikaiidhinisha.

Lau jamaa za Leonard wangekataa, mdogo wangu angedungwa nini leo?

Basi, wanafunzi wenzangu, siku mtakayoombwa, msikimbie, wala msikubali tu mradi mmekubali. Ulizeni: damu hii ni ya kazi gani? Tutaambiwa majibu? Twaweza kujitoa? Kuuliza si ujinga. Anayejibiwa kwa ukweli hutoa kwa hiari, na kilichotolewa kwa hiari huenda kikamwokoa mtoto ambaye hatutamjua kamwe.