Kisanduku Kitupu

Msomaji mpendwa, rangi ni lugha isiyohitaji kamusi. Taa nyekundu ya barabarani humsimamisha asiyejua kusoma kama imsimamishavyo bingwa wa vitabu. Kwa sababu hiyo watu huiamini rangi upesi kuliko neno, na mtu apewaye kazi ya kupaka rangi jambo ambalo wengine watalifuata hana budi kuwa mwangalifu. Nataka kukusimulia jinsi nilivyojifunza hayo, wala si kwa sifa yangu, bali kwa kosa langu.

Mwaka 2022 ukame ulizibana sehemu za kaskazini mwa Kenya. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu kadha wa kadha, mifugo ilikufa, na watoto walianza kukonda. Nalikuwa kijana mwenye ujuzi kidogo wa tarakilishi, nikaombwa na zahanati moja niitengenezee ukurasa wa wavuti wa kuonyesha hali za watoto wa vijiji vyake. Wahudumu wa afya walikwenda kwa miguu nyumba hata nyumba, wakamzungushia kila mtoto wa miezi 6 hadi 59 utepe katikati ya mkono wa juu. Mzingo ukiwa chini ya milimita 115, mtoto ana utapiamlo mkali; ukiwa 115 au zaidi lakini haujafika 125, ana utapiamlo wa wastani; ukiwa 125 na kuendelea, yu salama. Utepe wenyewe una rangi tatu kwa mpango huo: nyekundu, manjano na kijani. Vipimo vilitumwa kwa simu vikawekwa katika hifadhidata, nami nalitakiwa kuvitoa humo na kuvipanga katika jedwali: kila mtoto mstari wake, kila wiki safu yake, na kila kisanduku rangi yake.

Nalitunga amri tatu. Ya kwanza ilisema: kipimo kikiwa chini ya 115, kisanduku kiwe chekundu. Ya pili: kikiwa chini ya 125, kiwe cha manjano. Ya tatu: vinginevyo, kiwe cha kijani. Mpangilio huo una maana, kwani tarakilishi hushika jibu la kwanza lililo kweli, wala haitazami mbele. Lau ningaliuliza kwanza habari ya 125, hata mtoto mwenye 110 angalipata manjano, na nyekundu isingalionekana kamwe. Nalijisifu moyoni kwa kuliona hilo. Kisha nikazificha tarakimu, zibaki rangi tupu, ili jedwali lipendeze macho. Nalo likapendeza. Muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye maneno machache, alilitazama akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa nitajua asubuhi pa kuanzia."

Ikawa desturi yake kuufungua ukurasa kila kulipokucha na kuwaendea wenye nyekundu. Wenye manjano waliitwa zahanatini. Wenye kijani waliachwa, maana mikono ilikuwa michache na njia ndefu.

Siku moja akaja mhudumu mmoja mzee, vumbi limemjaa hata nyusi. Akamwuliza muuguzi, "Binti yangu, ni nani aliyekwenda kumtazama yule mvulana wa kisima cha juu?"

Muuguzi akafungua jedwali, akajibu, "Amepata nafuu, mzee. Wiki mbili alikuwa manjano, na wiki tatu hizi ni kijani."

Mzee akatikisa kichwa. "Nani aliyempima? Jamaa zake walihama na mbuzi kufuata maji. Mimi sijamwona tangu hapo."

Nalikuwa nimeketi pembeni. Nikaifungua hifadhidata yenyewe kwa mikono iliyotetemeka, nikaona: 124, 119, kisha patupu, patupu, patupu.

Hebu tulia hapa, msomaji, uufahamu mzizi wa kosa. Katika hifadhidata, patupu si sifuri. Ni alama kwamba thamani haijulikani. Ukiuliza kama kisichojulikana ni chini ya 115, hifadhidata haijibu ndiyo wala la. Hujibu kwamba haijulikani. Ukiuliza habari ya 125, hujibu vivyo hivyo. Basi maswali yote mawili yalipita bila ndiyo, mtoto akaangukia mikononi mwa neno langu "vinginevyo", nalo likampaka kijani. Hifadhidata haikusema uongo. Ilikiri kutojua, mimi ndimi niliyekutafsiri kutojua kwake kuwa ni afya.

Muuguzi hakunigombeza. Alichukua utepe na mkoba wake akatoka na mzee. Walirudi kesho yake jioni, mvulana amebebwa na mamaye. Mzingo wa mkono wake ulikuwa milimita 111. Akaanzishiwa chakula cha tiba, lile rojo la karanga na maziwa litiwalo katika pakiti. Nasema kwa shukrani kwamba alipona. Lakini wiki nyingi nalikuwa nikiamka kabla ya alfajiri kuutazama mstari mmoja tu wa jedwali.

Usiku ule ule nalibadili amri zangu. Swali la kwanza likawa: je, kipimo kipo? Kisipokuwapo, kisanduku kiwe cha kijivu, na ndani kiandikwe "HAJAPIMWA". Kijani nacho hakikuachwa tena kuwa makao ya mabaki. Kilipewa sharti lake, kwamba kipimo kiwepo na kiwe 125 au zaidi. Nikazirudisha tarakimu, nikaongeza na neno katika kila kisanduku. Neno hilo lilileta faida nisiyoitazamia, kwani mhudumu mmoja alikiri kwamba nyekundu na kijani machoni pake hufanana. Upungufu huo huwapata wanaume zaidi ya wanawake. John Dalton, mwanasayansi wa Uingereza, aliueleza wake mwenyewe mwaka 1794.

Asubuhi jedwali lilikuwa na kijivu tele, wala halikupendeza hata kidogo. Muuguzi alilitazama kwa kitambo, akavaa viatu vyake vya safari, akaanza na wale wa kijivu.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nawe, msomaji, siku moja utakabidhiwa orodha ya watu au ya vitu uipange: mahudhurio ya darasa, akiba ya ghala, au dawa za zahanati. Utakapofika mahali pasipoandikwa kitu, usipapake rangi ya heri kwa sababu tu hapakulia. Paandike wazi kwamba hujui, kisha umtume mtu akaangalie.